Jinsi ya kuisaidia familia maskini kupata vyeti na vitambulisho halali: mwongozo kamili

Familia maskini ikikosa hati, mara nyingi haikosi moja. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa kwa sababu mama hana kitambulisho. Mama hana kitambulisho kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa nyumbani, na mkunga aliyempokea alishafariki. Ukimchukua mtoto peke yake ukampeleka kwa msajili, mtarudishwa. Mtaenda tena, mtarudishwa tena, hadi nauli iishe na familia ikate tamaa. Kwa hiyo mwongozo huu unaishughulikia familia nzima kama faili moja, na unaanza na yule ambaye karatasi yake itawafungulia wengine njia.

Umeandikwa kwa ajili ya mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii, kiongozi wa dini, mwanafunzi wa sheria au jirani tu ambaye hana cheo chochote ofisini, ila yuko tayari kuandamana na familia mpaka mwisho. Majina ya ofisi na fomu hutofautiana nchi kwa nchi. Mpangilio wa kazi yenyewe haupishani sana.

Kabla hujaanza, elewa kwamba huendi kuomba hisani. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 6, linasema kila mtu ana haki ya kutambuliwa mbele ya sheria popote alipo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 7, unataka mtoto asajiliwe mara tu baada ya kuzaliwa, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unarudia jambo hilo katika ibara ya 6. Hata hivyo UNICEF ilikadiria mwaka 2024 kwamba watoto wapatao milioni 150 wenye umri chini ya miaka 5 hawajasajiliwa popote, na makadirio ya Benki ya Dunia yanaonyesha kuwa watu kati ya milioni 800 na 850 duniani hawana kitambulisho rasmi. Familia inapoona aibu kwa kukosa karatasi, waambie hivyo. Aibu huwafanya watu wafiche mambo, na jambo lililofichwa ndilo linaloibuka dirishani pa ofisi na kuharibu ombi zima.

Hatua ya 1: Keti na familia, uandike karatasi ya familia

Nenda nyumbani kwao, si ofisini kwako. Chagua saa ambayo mkubwa wa familia yupo, hasa bibi au shangazi, maana hao ndio wenye kumbukumbu za nani alizaliwa wapi. Chukua karatasi kubwa, andika kila mtu wa nyumba ile kwenye mstari wake: jina, jinsia, tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la mama, jina la baba, ndoa, na hati zote alizonazo hata kama zimechanika.

Kisha omba kuona kila karatasi iliyopo. Usikubali jibu la "hatuna kitu". Ulizia kadi ya kliniki, kadi ya chanjo, ripoti ya shule, cheti cha ubatizo, hati ya ndoa ya msikitini au kanisani, kadi ya kupigia kura ya zamani, risiti ya hospitali, barua ya ajira ya marehemu baba. Watu wengi hutunza vitu hivi ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro au sandukuni na hawavihesabu kuwa hati, kwa sababu havina nembo kubwa. Kadi ya chanjo iliyofifia inaweza kuwa ushahidi bora kuliko barua kumi za mashahidi, kwa kuwa iliandikwa wakati mtoto ni mchanga na iliandikwa na mtu asiye ndugu.

Nakili jina kwenye kila hati kama lilivyo, herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake. Usisahihishe chochote. Utaona baadaye kwa nini.

Hatua ya 2: Tafuta kwanza kwenye daftari

Kusajiliwa ni jambo moja, kuwa na cheti ni jambo jingine. UNICEF inakadiria kwamba zaidi ya watoto milioni 50 wamesajiliwa lakini hawana cheti mkononi. Huenda mtoto alizaliwa hospitalini, taarifa zikapelekwa kwa msajili, na wazazi hawakurudi kuchukua cheti kwa kukosa ada au kwa kutojua. Mtu mzima naye huenda aliandikishwa kitambo, cheti kikaungua na nyumba.

Kabla ya kufungua ombi jipya, omba ofisi ya usajili itafute jina katika kumbukumbu zake. Wape majina yote ambayo mtu huyo amewahi kuitwa na miaka miwili mitatu ya kuzunguka mwaka wa kuzaliwa. Akipatikana, mnachohitaji ni nakala, na hilo ni jambo jepesi. Asipopatikana, omba barua ya kuthibitisha kuwa hayumo. Nchi nyingi huidai barua hiyo kabla ya kukubali usajili uliochelewa. Ukiruka hatua hii unaweza kumsajili mtu mara mbili, akawa na vyeti viwili vyenye tarehe tofauti, na siku ya kuomba pasi ya kusafiria aonekane mdanganyifu ilhali hana kosa.

Hatua ya 3: Amua nani aanze

Tazama karatasi ya familia, ujiulize: ni hati ya nani inayowazuia wengine? Mara nyingi ni ya mama. Mama akipata kitambulisho, watoto wake wote wanasajiliwa kwa uzito wa kitambulisho kile. Pengine ni ya marehemu: bila cheti cha kifo cha baba, mjane hawezi kuthibitisha ujane wake, na ombi la mirathi linakwama. Familia nyingi haziandikishi kifo kwa sababu mazishi hufanyika bila karatasi. Andikisheni kifo mapema, wakati walioshuhudia bado wapo.

Kuna jambo moja linalovunja utaratibu huu, nalo ni tarehe ya mwisho. Mtoto anayekaribia kuandikishwa kwa mtihani wa taifa au mgonjwa anayehitaji bima ya afya hutangulia, hata kama njia yake ni ngumu zaidi. Wakati huohuo mwombe mwalimu mkuu au hospitali impokee kwa muda kwa uthibitisho kwamba ombi limeshawasilishwa.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi

Msajili anataka kujua mambo manne: mtu huyu ni nani, alizaliwa lini, alizaliwa wapi, na wazazi wake ni kina nani. Panga ushahidi kwa maswali hayo, usiupange kwa wingi wa karatasi. Nimeona mafaili manene yaliyokataliwa kwa sababu karatasi zote zilijibu swali moja tu.

Hati za zamani zina nguvu kuliko mpya. Barua ya kiongozi wa mtaa au kijiji iliyoandikwa wiki hii inasaidia, lakini rejista ya shule ya miaka kumi iliyopita inasaidia zaidi. Nenda shule aliyosoma mtu huyo, hata kama aliacha darasa la pili, uombe dondoo ya rejista ya kuandikishwa yenye mhuri. Zahanati nazo zina daftari la wajawazito na daftari la uzazi. Mama akikumbuka mwaka na zahanati, daftari linaweza kufunguliwa. Misikiti na makanisa yana rejista za ndoa na ubatizo ambazo wakati mwingine zimedumu kuliko nyaraka za serikali.

Pasipo karatasi kabisa, wanabaki mashahidi. Tafuta watu wenye vitambulisho vyao wenyewe, waliokuwa watu wazima au angalau wenye umri wa kuelewa mambo mtu huyo alipozaliwa, na ikiwezekana mmoja asiwe ndugu. Jirani aliyeitwa usiku kuleta maji ya moto wakati wa uzazi ana thamani kuliko mheshimiwa aliyeifahamu familia mwaka jana. Kaa nao kabla ya siku ya ofisi, uwasikilize wanachokikumbuka. Usiwafundishe maneno. Wakitofautiana, rudi kwenye karatasi ya familia utafute kwa nini wametofautiana.

Hatua ya 5: Majina na tarehe

Hapa ndipo maombi mengi hufia, kwa hiyo usiwe na haraka.

Chukua ile karatasi ya familia uliyonakili herufi kwa herufi. Utakuta mama ni Khadija kwenye hati ya ndoa, Hadija kwenye kadi ya kliniki ya mtoto wa kwanza, na Hadidja kwenye rejista ya shule. Kwa familia ni mtu mmoja. Kwa mashine ya ofisi ni watu watatu. Mwulize mwenyewe jina lake analitaka liandikweje, kisha angalia ni tahajia ipi iliyoko kwenye hati yenye nguvu zaidi. Zikilingana, vizuri. Zisipolingana, mweleze kuwa kubakia na tahajia ya hati yenye nguvu kutampunguzia safari nyingi, lakini uamuzi ni wake. Tahajia ikishachaguliwa, itumike kwa kila fomu ya kila mwanafamilia kuanzia siku hiyo. Iandike kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, kila mtu mzima wa nyumba abaki nacho. Karani akiuliza jina, wasilitamke tu, wampe karatasi.

Tofauti zilizoko kwenye hati za zamani husawazishwa kwa hati ya kiapo inayoeleza kuwa majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kama mtu amebadilisha jina kweli, kwa ndoa, kwa kubadili dini au kwa hiari yake, sheria za nchi nyingi hudai hati rasmi ya kubadili jina, na hapo mwone mwanasheria wa msaada wa kisheria.

Tarehe za kuzaliwa zina shida yake. Wazee wengi hawazijui, na si kwa uzembe, hakuna aliyeziandika. Tumia kalenda ya matukio, kama wanavyofanya wakusanyaji wa takwimu za sensa. Mwulize: ulizaliwa kabla au baada ya ile njaa kubwa? Nani alikuwa rais? Ulikuwa umebebwa mgongoni au unatembea familia ilipohama? Nani aliyezaliwa kabla yako na nani baada yako? Kwa maswali ya namna hiyo mwaka hupatikana kwa ukaribu mzuri.

Ukishapata tarehe za watoto wote, zipange kwenye mstari mmoja chini ya jina la mama. Watoto wawili wa tumbo moja hawawezi kuachana kwa miezi mitano, na mama hawezi kuwa amemzidi mwanawe wa kwanza umri kwa miaka tisa tu. Makarani huyaona mambo haya haraka. Mara nyingi si uongo, ni makadirio yaliyofanywa kwa kila mtoto peke yake katika siku tofauti, na ndiyo sababu nyingine ya kuishughulikia familia kwa pamoja. Rekebisheni mkiwa nyumbani.

Mtu asikushawishi kumpunguza au kumwongeza mtoto miaka ili aingie shule fulani, apate kazi au aolewe. Tarehe hiyo ndiyo itakayomlinda dhidi ya ajira za utotoni na ndoa za mapema. Ukiichezea, umemvua ulinzi huo.

Hatua ya 6: Kiapo

Hati ya kiapo huapwa mbele ya mwenye mamlaka ya kuapisha: hakimu, kamishna wa viapo au wakili, kutegemea nchi. Isomwe kwa sauti kwa lugha anayoielewa mwapaji kabla hajaweka saini au dole gumba. Kama hajui kusoma, hati iseme kuwa alisomewa na akaelewa. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na atakayeshtakiwa ni yule maskini aliyeweka dole gumba, si wewe uliyeandika.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya mtego mmoja: bibi anayelea mjukuu huambiwa, "jiandikishe wewe kama mama, mambo yaishe." Usikubali. Mtoto atakuwa amefutiwa mama yake halisi, atapoteza haki kwa upande wa baba yake, na atageuka ndugu wa mjomba wake siku ya mirathi. Njia sahihi ni kumsajili mtoto kwa majina ya wazazi wake, na bibi aombe kutambuliwa kuwa mlezi kwa ustawi wa jamii au mahakama. Ni safari ndefu zaidi, lakini haimharibii mtoto.

Hatua ya 7: Gharama

Ada ya serikali kwa kawaida ni sehemu ndogo. Kinachoimaliza familia ni nauli, picha, nakala, na ujira wa siku unaopotea. Piga hesabu yote hayo mapema, na uulize kama kuna msamaha wa ada. Nchi nyingi husajili bure mtoto anayeletwa ndani ya muda wa kisheria, na nyingine huondoa faini kwa wasiojiweza kwa barua ya ustawi wa jamii. Risiti idaiwe kwa kila malipo. Vishoka wanaosimama nje ya ofisi wakiahidi cheti cha kesho waepukwe kabisa: cheti cha kughushi kinaweza kupita shuleni kisha kumkamatisha mtu uwanja wa ndege miaka kumi baadaye.

Familia zikiwa nyingi mahali pamoja, usizisafirishe. Omba ofisi ije. Kirgizstan, nchi ya Asia ya Kati, ilifanya hivyo kwa kiwango cha taifa: timu za wanasheria na maofisa zilifika hadi vijiji vya milimani kuwatafuta watu wasio na uraia wowote, na mwaka 2019 nchi hiyo ikawa ya kwanza duniani kutangaza kuwa imemaliza tatizo hilo. Mwanasheria Azizbek Ashurov, aliyeongoza juhudi hizo kwa upande wa asasi za kiraia, alipewa mwaka huohuo Tuzo ya Nansen ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi. Barua yako ya kuomba timu ya usajili iambatanishe orodha ya waombaji, idadi yao kwa umri, na taarifa kuwa ushahidi wao umeshapangwa. Ofisi huitika haraka ikiona kazi ya maandalizi imefanyika.

Hatua ya 8: Siku ya ofisini

Nendeni asubuhi. Hati halisi zikae kwenye bahasha moja, nakala kwenye nyingine. Mwombaji ajibu mwenyewe. Wewe kaa kando yake, uongee pale tu anapokwama au anapodhalilishwa. Ofisa anayemsikia mama akieleza habari zake mwenyewe humwamini kuliko anayemsikia msemaji wake.

Wapasua mawe, mafundi saruji, wakulima na wafua nguo hufutika alama za vidole, na mashine huwakataa. Siku chache kabla, wapake mafuta mikononi kila usiku na wapunguze kushika saruji au sabuni kali. Siku yenyewe wanawe kwa maji ya uvuguvugu, wakauke vizuri, wafute mafuta yote. Mashine ikikataa, omba ijaribu vidole vingine, kisha uulize utaratibu wa wasiosomeka vidole, ambao mifumo mingi inao. Mtu asirudishwe nyumbani kwa sababu kazi imemla ngozi.

Msiondoke bila namba ya ombi, tarehe ya kurudi, na jina la dawati linaloshughulikia. Kabla ya kusaini, msomee mwombaji kila herufi iliyoandikwa kwenye skrini au fomu. Kosa likionekana hapo husahihishwa kwa dakika moja. Likishachapishwa, huanza ombi jipya.

Hatua ya 9: Kufuatilia, na kukataliwa

Tunza daftari la ufuatiliaji: tarehe, ofisi, alichosema ofisa, hatua inayofuata. "Njoo wiki ijayo" iandikwe kama ilivyosemwa. Ofisi ikikataa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha sheria. Ombi hilo peke yake hubadilisha majibu mengi. Likikataliwa kweli, kuna rufaa kwa msajili mkuu, kwa mahakama, au malalamiko kwa tume ya haki za binadamu, na muda wa kukata rufaa huwa mfupi, hivyo mwone mwanasheria wiki hiyohiyo.

Hali zinazohitaji njia ya peke yake

Baba hayupo au hajulikani. Katika nchi nyingi mama anaweza kumsajili mtoto peke yake, na jina la baba huingizwa baadaye kwa ridhaa yake au kwa amri ya mahakama. Mtoto asisubiri baba apatikane. Jihadhari lakini: ziko nchi takribani 24 ambazo bado hazimpi mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumrithisha mtoto wake uraia, na huko mama anahitaji mwanasheria mapema.

Mwanamke aliyekimbia kipigo, hati zake zikabaki kwa mume. Asirudi kuzichukua. Aombe nakala mpya, atoe anwani ya kituo au ya mtu anayemwamini.

Mkimbizi. Usimpeleke ubalozi wa nchi aliyoikimbia. Unaweza kumhatarisha yeye na ndugu waliobaki, na kuathiri hadhi yake. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unaitaka nchi inayompokea impe hati za utambulisho (ibara ya 27) na imsaidie kupata zile ambazo kwa kawaida angezipata kwao (ibara ya 25). Mtoto wake aliyezaliwa ukimbizini asajiliwe palepale alipozaliwa.

Asiye na uraia wowote. Jamii ya Wamakonde wa Kenya iliishi miongo mingi bila vitambulisho, hadi baadhi yao walipoandamana kwenda Nairobi mwaka 2016 na serikali ikaamua kuwasajili kuwa raia. Kesi kama hizo hazimalizwi na familia moja dirishani. Ikiwa jamii nzima inakataliwa, kusanya ushahidi wa jamii nzima, na ushirikishe UNHCR na mawakili wa haki za binadamu.

Hatua ya 10: Hati zikishapatikana

Piga nakala, zithibitishwe kwa mhuri, na ziwekwe mahali tofauti na zile halisi. Zile halisi zikae na familia ndani ya mfuko usiopitisha maji. Usizihifadhi wewe, hata wakikuomba, na usiruhusu mwajiri, mkopeshaji au mwenye nyumba azishikilie kama dhamana. Picha za hati zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp, na zile ulizopiga kwa simu yako wakati wa kazi zifute mbele ya familia.

Kisha uliza kama kuna mjamzito nyumbani. Kama yupo, mwandikie siku hiyohiyo mambo matatu, ayaweke ndani ya kadi yake ya kliniki: jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho chake kipya, karatasi ya tangazo la kuzaliwa atakayoidai kabla ya kutoka wodini, na siku ya mwisho ya kumsajili mtoto bila faini.